"Borrow", "Lend" na "Loan": Nani Hutoa, Nani Hupokea?

Vitenzi vya Kiingereza "borrow" na "lend" huelezea tukio moja kutoka pande mbili. Apokeaye kitu kwa ahadi ya kukirejesha hutajwa kwa "borrow". Akitoaye hutajwa kwa "lend". Kiswahili hakigawanyi maana hizi kwa namna hiyo, na hapo ndipo makosa mengi ya wanafunzi na wafasiri huanzia.

Kitenzi "kuazima" hubeba pande zote mbili. Katika sentensi "Juma ameazima baiskeli kwa Asha", Juma ndiye mpokeaji, hivyo Kiingereza husema: "Juma has borrowed a bicycle from Asha." Katika "Asha amemwazima Juma baiskeli", Asha ndiye mtoaji: "Asha has lent Juma a bicycle." Kiambishi "-m-" cha mtendwa ndicho kinachobadili mwelekeo. Mfasiri asiyekizingatia humgeuza mwenye mali kuwa mdaiwa; na iwapo baiskeli imepotea na maneno hayo ni ushahidi mahakamani, kosa hilo si dogo.

Kwa sababu hiyohiyo, "Unaweza kuniazima kalamu yako?" haiwi "Can you borrow me your pen?" Kilicho sahihi ni "Can you lend me your pen?" au, kwa kuanzia upande wa mpokeaji, "Can I borrow your pen?" Baada ya "borrow", mtoaji hutanguliwa na "from". Baada ya "lend", mpokeaji hufuata kitenzi moja kwa moja au hutanguliwa na "to". Wakati uliopita wa "lend" ni "lent".

Kiswahili nacho kina tofauti ambayo Kiingereza hakiioneshi. Kitu kinachorudishwa chenyewe, kama jembe au kitabu, huazimwa. Fedha hukopwa, kwa kuwa hutumiwa na kulipwa kwa nyingine za thamani ileile. Sheria ya Kirumi nayo ilitenganisha mikataba hiyo miwili kwa majina ya Kilatini "commodatum" na "mutuum". Kiingereza hutumia "borrow" kwa yote mawili, hivyo mfasiri hana budi kutazama kwanza ni kitu gani kilichotolewa. Katika mazungumzo watu husema pia "Niazime elfu tano". Lakini katika maandishi rasmi, hasa mikataba, "kukopa" na "kukopesha" hufaa zaidi kwa fedha, kwani maneno hayo yenyewe hubainisha mpokeaji na mtoaji.

"Loan" ni nomino yenye maana ya mkopo, na hutumika pia kama kitenzi chenye maana ya "lend". Matumizi hayo ya kitenzi ni ya kawaida Marekani. Katika Kiingereza rasmi cha Uingereza "lend" hupendelewa. Katika nahau, "loan" haiwezi kushika nafasi ya "lend": "lend a hand" ni kusaidia, na "lend an ear" ni kutega sikio.

Mazoea nayo yana nguvu. Mchezaji wa mpira hurudi yeye mwenyewe katika klabu yake, lakini magazeti huandika kwamba amekwenda "kwa mkopo". Vivyo hivyo, lugha husemwa "kukopa" maneno, ingawa hairejeshi chochote.