Mtoto Hana Mlango Mmoja wa Elimu

Mwalimu mwanafunzi aingiapo chuoni, aghalabu hukutana na orodha inayowagawa wanafunzi katika mafungu: huyu hujifunza kwa macho, huyu kwa masikio, huyu kwa kusoma na kuandika, na yule kwa vitendo. Mgawanyo huu wa mafungu manne ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi tuliosomea ualimu tuliupokea kwa furaha, kwa kuwa ulionekana kumheshimu kila mtoto. Hata hivyo, hapana budi tuupime.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Hal Pashler, waliuchunguza ushahidi uliokuwapo. Hawakukanusha kwamba watu hupendelea njia mbalimbali. Walichokikosa ni ushahidi wa kutosha kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa njia aipendayo. Jambo hili si gumu kulielewa, maana mara nyingi somo lenyewe ndilo lichagualo njia. Ramani ya mto Nile yataka macho, matamshi ya lugha yataka masikio, na kupima ujazo wa ndoo kwataka mikono, awe mwanafunzi ni nani.

Madhara yake hufika mpaka nyumbani. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ni "mtoto wa mikono" huweza kumpunguzia vitabu akidhani anamsaidia. Mtoto naye huamini kwamba kusoma si fungu lake, na imani hiyo ikiisha kuota mizizi ni taabu kuing'oa.

Lililo bora ni kutazama mazoea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi waliisoma habari fupi mara mbili. Au waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama tena. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Lakini baada ya juma moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42 tu, hali wale waliojaribu kukumbuka walifikia asilimia 56. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua. Kukumbuka bila kitabu ndiko kuyatiako maarifa nguvu.

Na vyombo vya kisasa je? Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo nyingi kwa watoto wa shule za msingi. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini, na kutangazwa mwaka 2012, haukuona maendeleo yoyote katika hesabu wala lugha yaliyotokana na kompyuta hizo. Hii si sababu ya kuvichukia vyombo. Ni onyo kwamba chombo hakifundishi chenyewe. Chahitaji mwalimu ajuaye anataka mtoto afikiri nini. Kwa hiyo, mzazi asione haya kwa kukosa fedha za kununulia simu kubwa, wala asiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Kina mama na kina baba, yafaa kila jioni baada ya chakula mtoto afunge daftari, kisha aulizwe: "Leo mmefundishwa nini?" Aeleze kwa maneno yake, achore chini kwa kijiti, ahesabu kwa kokoto. Akikwama, asikemewe, afungue daftari, atazame, alifunge, aeleze tena. Aulizwe jambo lilo hilo baada ya siku mbili, na tena baada ya juma.

Kazi hii haihitaji umeme. Hata bibi asiyejua kusoma aweza kuifanya vizuri sana, kwa kuwa yeye huuliza kwa kutaka kujua kweli, na mtoto hulazimika kumfafanulia mpaka aelewe.