Mtoto wa Jicho na Mboni Isiyofunguka

Vikundi vimetuuliza mbona mzee mmoja anapasuliwa mtoto wa jicho siku hiyo hiyo, na mwingine anaambiwa aende hospitali kubwa. Mara nyingine shida ni mboni, ule mlango mweusi wa katikati. Lenzi yenye ukungu iko nyuma yake, na daktari hupitia hapo kuitoa. Kwanza mgonjwa hutiwa matone ili mboni ifunguke. Kwa wengine inakataa: wenye kisukari, walioumwa na jicho kwa ndani hadi mboni ikagandamana na lenzi, na wazee wanaomeza tamsulosini, dawa ya tezi dume.

Hapo hajanyimwa matibabu. Daktari mwenye vifaa huongeza dawa ndani ya jicho, hubandua palipogandamana, au hushikilia mboni kwa vikulabu vidogo ama pete, akimaliza anavitoa. Lakini lazima ajue mapema.

Tamsulosini hulegeza jicho hata kwa aliyeiacha zamani, kwa hivyo mzee asiache kumeza kwa kujiamulia. Tena wazee wetu huona haya kuitaja mbele ya watoto! Basi nyinyi mnaompeleka, bebeni pakiti zake zote, mkamwonyeshe daktari kabla ya matone.