Wageni Hewa: Jinsi Kompyuta Inavyolinda Kumbukumbu Yake

Msomaji na afikirie nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 8 mjini Kasulu, kando ya barabara iendayo Kibondo. Wasafiri wa Kibondo huomba vyumba kwa barua zinazochukuliwa na makondakta wa mabasi. Karani akipokea barua, huandika jina kitabuni, hutenga chumba, kisha hujibu kwamba chumba kipo na kumtaka mgeni athibitishe.

Sasa mtu mwenye nia mbaya aandike barua 8 kwa majina na anwani za uongo. Karani atazijibu zote, lakini majibu hayatampata mtu, kwa kuwa wenye majina hayo hawapo. Jioni anawasili muuguzi aliyetoka Kibondo, naye anaambiwa kwamba hakuna nafasi. Vitanda vyote ni vitupu. Kilichojaa ni kitabu.

Mapatano ya hatua tatu

Kompyuta inayohudumia nyingine kwa njia ya mtandao, yaani seva, huweza kupatwa na mkasa huo huo. Chini ya kanuni ya mawasiliano iitwayo TCP, mazungumzo huanza kwa hatua tatu: mteja hupeleka ombi, seva hujibu, kisha mteja huthibitisha kwamba amepata jibu. Baina ya hatua ya pili na ya tatu, kiini cha mfumo wa kompyuta hutunza habari za mteja katika kumbukumbu. Hicho ndicho kitabu cha karani. Anwani ya mpelekaji huandikwa na mpelekaji mwenyewe. Kwa hiyo inaweza kughushiwa.

Katika baadhi ya mifumo ya miaka ya 1990, foleni ya maombi yasiyokamilika ilikuwa na nafasi 8 tu, na ombi liliweza kushika nafasi yake kwa sekunde 75. Maana yake ni kwamba maombi 8 ya uongo katika kila sekunde 75 yalitosha kuufunga mlango. Mnamo Septemba 1996 kampuni ya Panix ya New York, iliyotoa huduma za intaneti, ilishambuliwa kwa njia hiyo, na kazi zake zikavurugika kwa siku kadhaa.

Je, haitoshi kuongeza nafasi? Tuseme kila ombi hutengewa baiti 300. Maombi milioni moja yatameza megabaiti 300 za kumbukumbu, na bado mshambuliaji hajachoka. Kuandika barua ya uongo ni rahisi kuliko kujenga chumba.

Namba badala ya kitabu

Mwezi huo huo wa Septemba 1996, mtaalamu wa hisabati Daniel J. Bernstein alipendekeza dawa. Karani asiandike lolote kitabuni. Badala yake, achukue jina na anwani ya mwombaji pamoja na wakati, avichanganye na siri aijuayo yeye peke yake, apate namba, kisha aiandike ndani ya jibu. Mgeni wa kweli atalipata jibu na kuirudisha namba hiyo. Karani ataipiga hesabu upya. Ikilingana, ndipo atakapotenga chumba. Mwongo hapati jibu, maana limekwenda kwenye anwani aliyoighushi.

Katika TCP kila jibu la seva tayari hubeba namba ya mfuatano yenye biti 32, na mteja hana budi kuithibitisha. Bernstein aliigawa hivi: biti 5 za wakati, biti 3 za kuonyesha ukubwa wa vipande vya data, na biti 24 za hesabu ya siri. Mwenye kubahatisha biti hizo 24 anakabiliwa na namba 16,777,216 zinazowezekana.

Mipaka ya dawa

Namba hiyo huthibitisha kwamba mteja anapokea barua katika anwani aliyoitaja. Haithibitishi kwamba ni mtu mwema. Tena, biti 32 hazitoshi kubeba mapatano yote ambayo kitabu kingeyatunza. Kwa sababu hiyo mfumo wa Linux kwa kawaida huitumia njia hii pale tu foleni inapofurika.

Hatari yenyewe haijatoweka. Mwezi Julai 2023, jukwaa la huduma za serikali ya Kenya liitwalo eCitizen lilivurugwa na wingi wa maombi yaliyopelekwa makusudi ili kulizidi nguvu. Dhidi ya mafuriko ya aina zote, namba ya siri peke yake haitoshi. Lakini funzo lake limeendelea kutumika. WireGuard, programu ya mawasiliano ya siri iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, haitengi kumbukumbu kwa ajili ya ujumbe ambao haujathibitishwa, na humnyamazia asiyejulikana.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa viti 8, karani mmoja na vipande vya karatasi. Kwanza karani atenge kiti kwa kila karatasi inayofika. Kisha atumie kanuni ya namba ya siri. Wanafunzi wahesabu, katika kila njia, ni wageni wangapi wa kweli waliopata kukaa. Halafu wajadili: kwa nini karani abadilishe siri yake mara kwa mara?