Sokwe, Minyoo na Mti Mchungu wa Mahale

Mnamo Novemba 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa dawa za asili wa Kitongwe, walimfuatilia sokwe mtu jike aliyedhoofika. Alibambua gome na majani ya kitawi cha mjonso, akatafuna kiini chake kichungu, akafyonza maji na kutema makapi. Kesho yake nguvu zilikuwa zimemrudia.

Watongwe nao hutibu minyoo na maumivu ya tumbo kwa mjonso. Lakini majani yana vernodalini kwa wingi, kemikali iliyodhuru panya wa maabara, na sokwe huyatupa. Mgonjwa akisema amekunywa mjonso, mhudumu hana budi kuuliza: sehemu gani, na kiasi gani?

Alfajiri, kabla ya kula, sokwe hao pia hukunja majani ya Aspilia yenye kukwaruza na kuyameza mazima. Hapa kinachotibu ni ule mkwaruzo: utumbo husukuma haraka, na minyoo ya Oesophagostomum hutoka pamoja na majani hayo kinyesini, mingine ikingali hai. Masika, maambukizi yanapopanda, umezaji huo nao huongezeka.