Feza imetoka, haijafika: mesaji ya telefone inakwama wapi?

Katika kabine za Dilala na Manika, hapa Kolwezi, kuna neno moja linalojibu kila swali: rezo. Mtu ametuma franga 50 000 kwa mama yake Dilolo, salio limepunguka, mama anasema hajaona kitu. "Ni rezo, yaya. Rezo iko mubaya leo." Mara nyingine ni kweli: umeme umekatika, antene imebaki bila nguvu, kilichobaki ni kungoja. Lakini mara nyingi rezo inasingiziwa. Feza ya telefone haisafiri kama gunia la unga juu ya lori. Kinachosafiri ni mesaji tu, amri fupi inayosema: toa hapa, weka pale. Mesaji hiyo inapita kwenye milango kadhaa, na mlango mmoja ukiwa na anwani mbaya, inapotea hata kama rezo iko nzuri kabisa.

Kwanza telefone yenyewe. Mtu anapopiga *1122# ya M-Pesa, *501# ya Airtel Money ao *144# ya Orange Money, anafungua mazungumzo ya moja kwa moja na mashine ya kampuni. Mazungumzo hayo ni kama kuita mtu: lazima pande zote mbili ziwe kwenye laini wakati uleule. Laini ikikatika, menyu inazima. SMS ni kitu kingine. Yenyewe ni kama barua: inawekwa katika kituo cha SMS cha kampuni, na kama telefone ya mpokeaji imezimwa, kituo kinaihifadhi na kujaribu tena baadaye.

Tofauti hiyo inaeleza nusu ya malalamiko ya kwenye kabine. Menyu ikizima baada ya kuingiza kode ya siri, amri huenda ilikwisha kupokelewa. Kilichopotea ni jibu tu. Na SMS ya uthibitisho inaweza kuchelewa saa nzima wakati feza ilishafika zamani. Ndiyo maana kutuma mara ya pili kwa sababu SMS haijaonekana ni kosa linalogharimu. Kinachotakiwa ni kuangalia salio na orodha ya shughuli za mwisho.

Kuna pia telefone ambazo zinaita vizuri lakini hazitumi SMS hata moja. Hapo watu wananunua karte nyingine bure. Ndani ya mipangilio ya mesaji kuna namba ya kituo cha SMS, ambayo kwa kawaida inatoka kwenye karte SIM na kuanza na +243. Ikifutwa ao ikibadilishwa, barua haijui posta iko wapi. Kampuni ya telefone inatoa namba hiyo kwa anayeiomba.

Mesaji ikishatoka, inapangiwa njia. Namba za Kongo zina tarakimu 9 baada ya 243, na mbili za kwanza ndizo zinaonyesha rezo: 81, 82 na 83 ni za Vodacom; 97, 98 na 99 za Airtel; 84, 85 na 89 za Orange; 90 ya Africell. Mashine inasoma tarakimu hizo na kuchagua barabara, kama vile mtu wa peaje anavyosoma karatasi ya lori la shaba kutoka Fungurume. Haulizi dereva anafikiri anakwenda wapi. Karatasi ikisema Kasumbalesa, ni Kasumbalesa. Kwa hiyo tarakimu moja iliyokosewa haileti kosa lolote kwenye skrini ikiwa namba hiyo ni ya mtu mwingine. Kwa mashine, kazi imefanyika vizuri. Pale ambapo jina la mpokeaji linatokea kabla ya kuthibitisha, ni la kusomwa, hata kama foleni ni ndefu na watu wanapiga kelele nyuma.

Mambo yanakuwa magumu zaidi feza inapotoka kwenye mfumo mmoja kwenda mwingine: kutoka telefone kwenda benki, kwenda masomo kulipa minerval, kwenda kampuni ya umeme kununua kode ya Cash Power. Mifumo hiyo haisemi lugha moja. Katikati yake kunawekwa programu ya kuunganisha, ambayo kazi yake ni kupokea mesaji, kuitafsiri na kuipeleka panapotakiwa. Moja inayojulikana duniani ni Apache Camel, maana yake ngamia, iliyotoka mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza Kenya. (Kongo M-Pesa ilifika mwaka 2012.) Fundi anaandika njia kwa kusema mesaji inatoka mlango gani na kwenda mlango gani. Kila mlango una anwani, namba, neno la siri na namna ya kuandika mesaji. Kimoja kikikosewa, hakuna kinachopita.

Mfano ni rahisi kuuelewa. Fundi wa ordinatere wa duka moja anaandika masharti: namba ikianza na 8, peleka Vodacom, ikianza na 84, peleka Orange, ikianza na 9, peleka Airtel. Anajaribu na namba yake ya 81, inapita. Anajaribu na 97, inapita. Anakwenda nyumbani. Kesho yake wateja wote wa Orange wanalalamika. Kwa nini? Programu inasoma masharti kutoka juu kwenda chini na kushika la kwanza linalofaa. 84 nayo inaanza na 8, kwa hiyo haifiki kamwe kwenye sharti la pili. Mtu wa 90 naye anapelekwa Airtel. Rezo haina kosa lolote hapo. Ni mpangilio wa mistari mitatu. Masharti membamba yangewekwa juu na mapana chini, na bora zaidi kila rezo ingeandikiwa tarakimu zake mbili kamili.

Kuna kosa baya kuliko hilo kwa sababu halipigi kelele: kusahau kusema mesaji isiyofaa sharti lolote ifanyiwe nini. Katika Camel, mesaji kama hiyo inapita pembeni ya masharti yote na kuendelea na safari yake bila kupelekwa kokote, na hakuna kosa linaloandikwa. Fundi mwenye akili anaweka mwisho wa orodha sharti la "yote yaliyobaki" na kuyapeleka kwenye sanduku la mesaji zilizokosa njia. Kisha kuwe na mtu wa kulifungua sanduku hilo kila siku. Sanduku lisilofunguliwa ni kaburi la feza za watu.

Mlango wenyewe unaweza pia kuwa na shida. Pengine umeandikwa kwa jina lililokosewa herufi moja, na nyuma ya jina hilo hakuna programu inayosikiliza. Camel inasema wazi kwamba mlango hauna msikilizaji, na fundi anayesoma ujumbe huo anapona haraka. Pengine kitambulisho cha usalama cha seva kimepita tarehe, na upande wa pili unakataa kuzungumza, kama vile askari wa mpaka anavyokataa pasipoti iliyokwisha. Linalochekesha, kwa asiyehusika, ni la anwani ya majaribio iliyoachwa pale baada ya kazi kwisha. Kila mesaji inajibiwa "imefaulu", na hakuna franga hata moja iliyotembea.

Halafu kuna mambo mawili ya Kongo yenyewe, ambayo fundi aliyejifunza kwa vitabu vya nje hayatarajii. La kwanza ni feza mbili. Wakaaji wa Kolwezi wanahesabu kwa franga na kwa dola siku moja, na akaunti ya telefone ina sehemu ya kila moja. Mesaji inayosema "50" bila kusema 50 ya nini itaangukia pale programu ilipopangiwa. Na hata mesaji ikiwa sawa, mpokeaji anaangalia salio la franga, anaona tupu, anaita kulalamika, wakati dola zake zimelala upande wa pili. Hilo ni la kuangaliwa kabla ya yote.

La pili ni saa. Lualaba iko saa moja mbele ya Kinshasa. Malipo ya Kolwezi ya 00:30, tarehe 1, kwa seva inayofuata saa ya Kinshasa ni ya 23:30 ya siku iliyotangulia, yaani mwezi mwingine. Ripoti ya kabine na ripoti ya kampuni hazilingani, na kijana anayekaa kabine anaitwa mwizi. Kabla ya kumkata mshahara, patroni angeuliza kwanza ni saa ya wapi.

Shida ngumu kuliko zote ni ukimya. Mfumo wa katikati umetuma amri kwa benki na kungoja jibu, tuseme sekunde 30. Jibu haliji. Je, benki haikupokea, ao ilipokea, ikalipa, na jibu ndilo lililopotea? Kutoka katikati haiwezekani kujua. Programu iliyopangwa vibaya inatuma tena, na mtu analipa minerval mara mbili. Iliyopangwa vizuri inatuma tena kwa namba ileile ya kumbukumbu, na upande wa pili, ukiona namba uliyokwisha kuishughulikia, unakataa kulipa tena na kurudisha jibu la kwanza.

Namba hiyo ya kumbukumbu ndiyo dawa ya fundi pia. Anayetafuta mesaji iliyopotea hasomi rekodi zote kuanzia asubuhi. Anachukua namba moja, anauliza katikati ya njia: ilipita hapa? Ikiwa ilipita, nusu ya kwanza iko salama, anatafuta mbele. Ikiwa haikupita, anarudi nyuma. Kila swali linakata njia nusu. Na anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana anayebadilisha vitano pamoja hatajua kipi kiliponya.

Wezi nao wanajua kwamba watu wanaamini SMS. Wanatuma kwa namba ya kawaida mesaji iliyoandikwa kama uthibitisho, kisha wanaita: "Mama, nilikosea, nirudishie." Muuzaji wa Musompo anayetoa mzigo kwa kuonyeshwa SMS tu ametoa bure. Salio ndilo linasema kweli, na linaangaliwa kwenye telefone yake mwenyewe, kwa kode aliyoiingiza mwenyewe.

Anayekwenda kulalamika kwenye duka la kampuni aende na namba ya kumbukumbu, namba ya telefone ya pande mbili, kiasi na aina ya feza, pamoja na tarehe na saa ya Kolwezi. Asipokuwa na kumbukumbu, orodha ya shughuli kwenye menyu inaweza kuionyesha. Kode ya siri haiulizwi na fundi yeyote wa kweli. Njia ya mesaji inafuatwa bila hiyo.