Kasi Isiyohesabiwa Mpaka Upepo Utulie

Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, tarehe 18 Septemba 2021, macho ya watazamaji yalikuwa kwenye saa. Waamuzi walikuwa na namba nyingine ya kusoma: upepo wa mgongoni, mita 1.2 kwa sekunde. Kama ungezidi mita 2, ile rekodi ya Afrika isingeandikwa.

Wako wanamichezo wengine ambao sheria ya upepo inawabana zaidi. Hao ni waendeshaji wa vyombo vya nguvu za mtu, baiskeli zisizosukumwa na injini wala betri, ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakikutana nje ya mji mdogo wa Battle Mountain, jimbo la Nevada, Marekani, kwa kawaida mwezi Septemba. Kwao kikomo ni mita 1.66 kwa sekunde, yaani kilomita 6 kwa saa. Upepo wa namna hiyo, ukianika kanga uani, haiyumbi sana. Lakini ukizidi hapo, kasi yako si rekodi, hata kama umemwaga jasho lote ulilo nalo.

Ili kuelewa ukali huo, tuanze na hewa yenyewe. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu unayohitaji kuipasua hewa huongezeka mara nane. Mtu aliyeinama juu ya baiskeli ya kawaida, akitaka kwenda kilomita 144 kwa saa kwenye tambarare, angehitaji karibu wati 10,000. Mwanariadha hodari hutoa wati 400 hivi kwa dakika chache. Pengo hilo halizibwi kwa mazoezi, linazibwa kwa umbo. Kwa hiyo mwendeshaji hulala chali ndani ya ganda la nyuzi za kaboni lililochongwa mfano wa jodari, hewa ipite ubavuni bila kuvurugika. Mwaka 2016 Todd Reichert wa Kanada, ndani ya chombo kiitwacho Eta, alifikia kilomita 144.17 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa chukua mwendo huo wa Reichert, umpe upepo wa mgongoni wa mita 1.66. Nikihesabu ukinzani wa hewa peke yake, nguvu zilezile zinampeleka karibu kilomita 4 kwa saa zaidi. Linganisha na historia: mwaka 2009 Sam Whittingham alifikia kilomita 133.28 kwa saa, na mwaka 2013 Sebastiaan Bowier wa Uholanzi akampita kwa kufikia 133.78. Miaka minne ya kazi ya wahandisi na waendeshaji ilizaa nusu kilomita. Upepo ambao hata vumbi hauinui ungeweza kutoa mara kadhaa ya hiyo. Ndiyo maana sioni ukatili wowote katika sheria hii. Bila kikomo hicho, tungekuwa tunapima bahati ya hali ya hewa na kuiita nguvu ya mtu.

Upepo wa mbele na wa mgongoni, hata hivyo, huchezea namba tu. Wa kuogopwa ni wa ubavuni. Ganda lile limekatwa jembamba likitazamwa kwa mbele, lakini ubavu wake ni mrefu na mpana, nao hufanya kazi ya tanga. Msukumo wake hutegemea upepo na mwendo kwa pamoja. Upepo uleule ambao kwa kilomita 40 kwa saa hauusikii, kwa 120 unakusukuma kama mara tatu. Tena nguvu hiyo mara nyingi huangukia sehemu ya mbele ya chombo, hivyo pua hugeuzwa kabla mwendeshaji hajaegemea upande wa upepo kujiweka sawa. Kwa mwendo wa Reichert, sekunde moja ya kusitasita ni mita 40 za lami, na barabara yenyewe ina njia mbili tu.

Na huyo mwendeshaji hana pa kukimbilia. Wasaidizi humlaza ndani, hufunika sehemu ya juu, kisha hupitisha utepe wa gundi kwenye kila kiungo ili hewa isipate ufa. Hawezi kuteremsha mguu chini. Lazima ashikwe na kusukumwa ili aondoke, na lazima adakwe mwishoni ili asianguke. Vyombo kama Eta havina hata kioo cha mbele, mwendeshaji huiona barabara kwenye skrini inayoletewa picha na kamera.

Barabara yenyewe ni ya jimbo, namba 305, iliyonyooka bondeni, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Chombo hukusanya mwendo kwa kilomita 8 hivi, kisha hupimwa katika mita 200 tu. Jua likipanda, ardhi ya jangwa hupata moto, hewa huanza kupanda na kushuka, na upepo wa juu hufika chini. Usiku ardhi ikipoa, hewa hutulia. Kwa hiyo mbio hupangwa asubuhi mapema na jioni, barabara ikifungwa kwa vipindi vifupi, vyombo vikitoka kimoja baada ya kingine.

Siku ya upepo, ratiba hiyo hugeuka kusubiri. Kinachoumiza ni kwamba kipimo cha upepo huwekwa kwenye zile mita 200. Mwendeshaji anaweza kupigwa na upepo kilomita zote za mwanzo, apoteze nguvu akipigania usukani, kisha aingie penye utulivu. Kasi yake itakuwa halali, lakini pungufu. Mwingine naye atabebwa njia nzima, upepo uzidi kidogo palepale kwenye kipimo, na jitihada yake isihesabiwe. Kwa maoni yangu, timu inayoamua kubakiza chombo chake garini siku kama hiyo imefanya uamuzi wa kitaalamu, wala haistahili kuitwa yenye woga.

Kwa hiyo, msomaji, ukitajiwa kasi ya baiskeli iliyovunja rekodi, usiishie kwenye kilomita. Uliza pia upepo ulikuwa mita ngapi, na ulitoka upande gani.