Kutwa Mara Tatu

Kwenye kimfuko cha dawa tunaandika 1 × 3, na dirishani tunasema: "Kimoja, kutwa mara tatu." Mgonjwa anaitikia, anaondoka. Lakini kutwa ni mchana, tangu macheo hadi machweo. Usiku una neno lake, kucha. Aliyetusikia vizuri kabisa atameza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha dawa impungukie mwilini usiku kucha. Amoksilini inataka dozi zipishane kwa saa 8. Kwa hiyo mteknolojia dawa makini hutaja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yetu, na aliyekaa kwenye benchi haioni. Yeye humwona mtu akihesabu vidonge tano tano kwa spatula. Kabla ya hapo cheti kimeshasomwa: jina, umri, uzito, kipimo. Dawa ya mseto ya malaria hufuata kilo. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi. Wa 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Cheti kikisema 2 kwa mtoto wa kilo 11, hakuna kukisia: tunamrudia tabibu aliyeandika.

Kisha maelezo. Dozi ya pili ya mseto hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, nyingine asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri. Mtoto aliyeanza saa 3 usiku ataamshwa saa 11 alfajiri. Mama asipoambiwa hivyo, atamwacha alale, na nani angemlaumu?

Stoo nako kuna kazi: leja, joto la friji ya insulini lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8, na dawa inayokaribia kuisha muda ikae mbele.

Wanafunzi wangu nawakataza kuuliza "Umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Waulize: "Hebu niambie, mama, usiku utampa saa ngapi?" Akisita, foleni isubiri kidogo. Mwenye simu tunamwekea kengele hapo hapo dirishani.